Mtu wa Pili wa Kibanda cha Pesa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, usijali. Nitakuokotea yaliyopita kwa kifupi, maana mengine kuyarudia yananiuma.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine yangu iliungua, kazi zikakatika, na mke wangu ana mimba ya miezi saba. Ndipo akaja kaka yake, shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Hakimu. Akanitia maneno masikioni mpaka nikakubali tukakate mashine ya kutolea pesa. Tukavaa ovaroli, tukaenda mchana kweupe. Hakimu alimdanganya mlinzi kwamba bosi wake anamwita ghorofani. Akaziba kamera kwa chingamu, akatundika kibao cha MATENGENEZO mlangoni, mimi nikawasha gesi. Nilikuwa naikata bawaba ya kwanza pale mlango ulipofunguliwa nyuma yangu.

Basi aliyeingia alikuwa mama wa makamo, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Mshonaji. Mkoba kwapani, kadi mkononi. Kibao hakukisoma. Watu wetu na vibao!

"Samahani wanangu," akasema, "mtamaliza saa ngapi? Nina wateja dukani."

Akasogea kuchungulia kazi yangu, macho makavu, moto ukiwaka mbele yake.

Sasa hapa nataka unielewe, hata kama hutanihurumia.

Moto wa kukatia chuma si wa kutazama bila miwani ya giza. Ukiutazama, baadaye utalia kama mtu aliyemwagiwa mchanga wa moto machoni. Ndiyo maana karakanani kwangu kuna sheria moja. Mtu akiingia nikiwa kazini napiga kelele, "Macho!" Asipofumba, namkamata namziba uso kwa mkono. Nimemziba hivyo mke wangu. Nimewaziba wateja. Nilishamziba mpaka mkusanya ushuru aliyekuja kunifungia karakana, akaondoka na masizi usoni, sikujua nicheke au nikimbie.

Ni mazoea. Mkono unakwenda wenyewe.

"Macho!" nikapiga kelele.

Yule mama akazidi kuyakodoa.

Nikamrukia. Mkono wa kushoto, glavu ya ngozi na yote, ukamfunika uso kuanzia paji mpaka kidevu. Nikambana ukutani. Bomba la gesi lilikuwa limeniponyoka, linaruka sakafuni huku linatema moto, na mkono wa kulia ukawa unapapasa mtungi kutafuta pa kuzimia gesi. Mama wa watu akawa anafurukuta, anapiga mateke, kichwa kinagonga ukuta.

"Tulia, mama, tulia, utapofuka!" nikamwambia.

Nilipogeuza shingo nikamwona Hakimu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Umemgusa," akasema.

"Nisaidie kuzima gesi!"

"Umemgusa mtu, mjinga wewe! Nilikwambia nini?"

Alichokuwa ameniambia nakikumbuka neno kwa neno, maana ndicho kilichonilainisha. Hakimu alishakaa mahabusu mpaka akaisoma sheria kuliko waliomkamata, ndiyo maana ya lile jina. Alinikalisha kwenye benchi la karakana akanifundisha. "Shemeji, mashine haina mdomo, haina ndugu, hailii mahakamani. Ukivunja mashine, ni miaka saba, na ukiwa mtiifu unatoka mapema, unakuta mtoto wako ndiyo kwanza anaanza shule. Lakini mwenye kadi usimguse! Ukimgusa mteja, hata kwa ncha ya kidole, huo ni unyang'anyi wa kutumia nguvu. Thelathini. Unatoka meno yameisha."

Nikaona ni mtu mwenye akili. Lahaula!

Na mimi ndiye niliyemgusa. Si kwa kidole, kwa kiganja kizima.

"Saba yetu imekufa," Hakimu akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayepiga hesabu. "Sasa ni thelathini tu, tuchukue tusichukue. Basi tuchukue."

Akaokota kadi sakafuni. Kisha akaokota spana yangu kubwa, ile ya kufungulia mitungi.

"Mama! Namba ya siri!"

Atasemaje na glavu yangu imemziba mdomo? Na mimi sikuweza kumwachia, moto ulikuwa bado unaruka miguuni petu.

Hakimu akampiga. Pigo la kwanza lilimpata begani, nikausikia mfupa. La pili lilipita juu ya mkono wangu likamshukia taya. Nikapiga kelele, "Shemeji, unaua!" Akapiga la tatu, kichwani, na hilo lilimnyamazisha kabisa. Mwili wote ukanilegea mikononi.

Gesi ikazimika wakati huohuo. Ningeizima mapema kidogo tu, leo ningekuwa nasimulia mengine.

Nikamlaza yule mama chini, nikamrukia shemeji yangu. Nilimpiga ngumi ya pua, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha mashine. Akanipiga spana ya goti. Nikaanguka nikiwa nimemshika shati, tukagaagaa kwenye damu ya mwenzetu kama vichaa, yeye ananiuma sikio, mimi namkaba koo. Akanipiga goti tena, palepale. Hapo nguvu ziliniisha, nikabaki nimejikunja nikilia kama mtoto.

Yeye akasimama. Akavua ovaroli. Chini yake alikuwa amevaa suruali safi na shati la mistari, kama karani. Akajifuta pua, akaikunja ovaroli, kofia na glavu zake akavitia kwenye begi. Halafu akanitupia spana mapajani.

"Pole, shemeji," akasema. Alikuwa anamaanisha, na hilo ndilo linalonichefua mpaka leo.

Akafungua mlango akatoka nje mbio huku anapiga mayowe:

"Mwizi! Jamani mwizi! Anaua mtu humu ndani! Njooni!"

Mtu mwenye akili angejaribu kutambaa atoke. Mimi nikamtambalia yule mama. Damu ilikuwa inachuruzika sikioni kwake. Nikavua glavu, nikachana kipande cha ovaroli yangu, nikambana nacho kichwani. Ndivyo watu walivyonikuta, nimempigia magoti mwanamke aliyepasuka kichwa, mkono wangu mmoja kichwani kwake, spana yenye damu kando yangu.

Sikumlaumu hata mmoja wao. Ningekuwa wao, nami ningepiga.

Mlinzi ndiye aliyetangulia, rungu la mbavu. Wakaniburuta nje kwa miguu, kichwa kinagonga kila ngazi. Jua lilikuwa kali, sikuona nyuso, niliona viatu. Viatu vya kila aina. Buti za mafundi, kandambili, viatu vya wanafunzi, kiatu kimoja cha kike chenye kisigino kirefu kilichonitoboa shavu. Mtu akaninyoosha mkono wa kulia barabarani, mwingine akaukanyaga kwa kuurukia. Nilisikia vidole vinavunjika kimoja kimoja, na kila nilipofungua mdomo kusema "si mimi", mdomo ulipigwa.

Katikati ya viatu hivyo nikaviona vya shemeji yangu. Nilivijua, nilimnunulia mwenyewe siku aliyotoka mahabusu.

Alinipiga teke la mdomo, meno mawili yakatoka. Akainama kama anayenitemea mate, akaninong'oneza, "Usiseme kitu. Mfikirie dada yangu." Kisha akainuka, nikamsikia anapaza sauti kuliko wote:

"Mnampiga ngumi mpaka lini? Leteni tairi! Leteni petroli!"

Hebu tulia uone. Mtu aliyekula nyumbani kwangu, akalala kwenye kochi langu, ndiye aliyeomba nichomwe. Alijua nikiiva hapo barabarani, basi siri imeiva na mimi.

Tairi lililetwa. Nilivishwa. Petroli ilinimwagikia kichwani ikaingia kwenye majeraha, nikahisi naungua kabla hata ya moto. Mtu mmoja alikuwa anahangaika na kiberiti, njiti zinavunjika kwa papara. Ndipo risasi ikalia hewani na watu wakatawanyika huku na huku. Askari wakanitupa nyuma ya gari lao. Yule mama walimweka mbele.

Hospitali nilifungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Nesi aliyenishona hakutaka kuniangalia usoni. Nilipomuuliza kama yule mama yu hai, alivuta uzi kwa nguvu mpaka nikapiga yowe.

"Uombe awe hai," akasema.

Nikaomba. Tangu nizaliwe sijaomba hivyo.

Na maombi yalijibiwa! Mama alizinduka. Taya limefungwa waya, lakini anaweza kuandika. Nilipopewa habari hiyo nililia kwa furaha, nikajiambia sasa nimepona. Yeye alikuwepo. Atawaambia tulikuwa wawili, mmoja alimziba macho na mwingine akampiga.

Nikapelekwa kituoni, mkono una plasta mpaka kwenye kiwiko. Mpelelezi wa kesi alikuwa sajenti mmoja wa kike, mnene, mpole wa sauti, anayechapa kwenye kompyuta kwa kidole kimoja kama anayedonoa. Njiti ya kiberiti haimtoki mdomoni.

"Fundi," akasema, "nieleze tena huyo mtu wa pili."

Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akageuza karatasi mezani.

"Haya ni maandishi ya mshonaji. Anasema, mtu aliniziba macho na mdomo, akanipiga, sikuona tena. Anasema mtu. Hasemi watu."

"Lakini afande, nilimziba macho mimi! Angeonaje aliyempiga?"

"Ndiyo hivyo. Hakuona."

Mkono wangu mwenyewe, msomaji wangu. Nilimkinga macho yasiungue, na kwa mkono huohuo nikamficha shemeji yangu asionekane.

"Mlinzi je?" nikauliza. "Si kuna mtu alimwita?"

"Mlinzi aliitwa na mtu wa ovaroli, kofia imemfika puani. Anasema ni wewe."

"Mwongo huyo! Anatetea kazi yake!"

"Huenda. Lakini spana ina alama yako uliyoichonga mwenyewe. Glavu ni zako. Damu iko kwako. Kamera imezibwa. Waliofika walimkuta mtu mmoja." Akahamisha njiti upande wa pili wa mdomo. "Sasa sikiliza, nikueleze sheria bila kukutisha."

"Naijua, afande. Thelathini."

Akacheka kidogo, kicheko cha huruma.

"Nani alikufundisha? Thelathini ni kwa mikono mitupu. Wewe ulikuwa na spana, na ulikuwa na moto. Kumwibia mteja wa mashine ukiwa na silaha, na mteja akajeruhiwa, ni kifungo cha maisha. Hakuna kutoka mapema, hakuna msamaha wa sikukuu."

Kiti nilichokalia nilikiona kinazama. Hata sheria yenyewe Hakimu alinifundisha nusu. Au alijua yote akanipa ile nusu ya kunipendeza.

"Ila," sajenti akaendelea, "kama kweli mlikuwa wawili, na aliyepiga ni mwenzako, na wewe unamtaja na anapatikana, hapo mahakama inaweza kukutenga naye. Utahesabiwa kosa la mashine tu. Pengine miaka saba, pengine kumi kwa kumshika mama wa watu. Lakini mimi siwezi kwenda mahakamani na mtu wa pili wa hewani. Nyumba uliyotuelekeza tumekwenda, ni tupu. Jina la Hakimu mtaani hakuna anayelijua. Wameogopa, ndivyo watu walivyo. Nani mwingine anamfahamu? Nani alijua mnatoka pamoja siku ile?"

"Mke wangu!" nikasema. Karibu nisimame na pingu zangu. "Ni kaka yake wa damu, baba mmoja mama mmoja. Alituaga mlangoni, afande. Alitufungia mpaka vifungo vya ovaroli!"

Sajenti akaacha kutafuna njiti.

"Basi mwite mkeo. Akinitajia kaka yake na akaniambia mlitoka pamoja, kesi yako inageuka leo hii."

Kabla ya kuhojiwa, mke wangu aliruhusiwa kuniona dirishani. Alikuwa amevimba miguu, macho mekundu. Aliponiona mdomo wangu ulivyo, akajiziba uso kwa khanga.

"Baba kijacho," akaniita. Ndivyo anavyonitania tangu apate mimba. "Wamekufanya nini?"

"Aliyenifanya hivi ni kaka yako."

Akaishusha khanga, akatazama sakafuni.

"Alimpiga yule mama, halafu akanigeuzia watu. Aliitisha petroli kwa mdomo wake, mke wangu. Alitaka nichomwe nikiwa hai."

"Yeye anasema ulimpiga wewe," akasema kwa sauti ndogo.

"Anasema? Umeonana naye wapi?"

"Sijaonana naye. Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

Akaanza kulia. Unajua, hao walifiwa na wazazi wakiwa wadogo. Hakimu ndiye aliyemlea, alimbebea maji, alimsomesha kwa kubeba mizigo sokoni. Mimi nilipokwenda kuposa, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Yote hayo ninayajua. Sikumwomba asiyajue.

"Sikuombi umchukie," nikamwambia. "Nakuomba useme ukweli tu. Tulitoka wawili au mmoja? Basi. Ukisema wawili, nitamlea huyu mtoto japo akiwa mkubwa kidogo. Ukisema mmoja, atanijua kwa picha."

Akapitisha vidole kwenye matundu ya wavu, akanigusa plasta ya mkono.

"Nitasema ukweli," akasema. "Naapa kwa huyu aliye tumboni."

Wacha nikwambie nilivyojisikia. Nilivunjika vidole, nilitoka meno, na nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale kituoni. Nilimwambia hata askari wa zamu, "Bwana, leo mambo yangu yanakaa sawa." Akanijibu nifunge mdomo unaonuka, nikacheka.

Tukaingia ofisini. Mimi kwenye benchi na pingu, mke wangu kwenye kiti, sajenti nyuma ya kompyuta yake, kidole tayari.

"Mama, karibu. Sitakuchosha, najua hali yako. Mumeo anasema siku ya tukio alitoka nyumbani na kaka yako. Kaka yako anaitwa nani, na yuko wapi?"

Mke wangu akajifuta jasho shingoni. Akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, macho yamejaa, mpaka nikamtikisia kichwa, nikimwambia sema, mke wangu, usiogope.

Akageukia sajenti.

"Kaka gani, afande?" akasema. "Mimi kwetu nilizaliwa peke yangu."

Mwanzoni nilicheka. Naapa nilicheka, nilidhani sikio lile lililoumwa halijapona.

"Hebu rudia, mama," sajenti akasema taratibu.

"Sina kaka. Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, nimelelewa na watu baki. Mume wangu alitoka peke yake siku ile, na spana yake. Mimi nilimfunga vifungo, nikidhani anakwenda kazini."

"Mwanamke!" Niliruka, pingu zikanivuta nikaanguka kwa goti lile lile bovu. "Umeapa! Umeapa kwa mtoto! Hakimu ni nani? Aliyekaa kwenye kiti cha baba yako ni nani? Mwambie!"

Askari wawili wakaniinua kwa kunipiga mbavu. Mmoja akanibana uso mezani. Nikiwa hapo, shavu limelala kwenye mbao, nilisikia kidole cha sajenti kinadonoa herufi. Donoa, donoa. Nilijua kinaandika nini. Kinaandika mtu mmoja.

"Anaumwa, afande," mke wangu akasema, analia kweli, machozi yanadondoka kwenye khanga. "Tangu apigwe kichwa hayuko sawa. Msimpige. Nawaombeni msimpige mume wangu."

"Weka sahihi hapa, mama."

Akaweka. Kisha akanyanyuka kwa shida, mkono kiunoni, akaelekea mlangoni bila kunitazama.

"Naomba niende, afande. Jua linazama, nimeacha mgeni ndani, hajala tangu asubuhi."

Kidole cha sajenti kikasimama hewani. Akaitoa njiti mdomoni, akaiweka mezani, polepole, karibu na pua yangu.

"Mgeni gani, mama?"